Dirisha la Hisa Mia Tatu na Kumi

Asubuhi ya siku ya mgao, fundi saa aliamka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida yake, akanawa uso, akaitia saa ya ukutani ufunguo kwa kuuzungusha mara kumi na nne, kisha akaenda sebuleni kufungua madirisha. Alifungua la kushoto. Alipogeukia ukuta wa kulia, ambao jana yake ulikuwa na kalenda tu, akakuta dirisha jingine. Lilikuwa na fremu ya chuma ya rangi ya kijivu na vioo sita, kimoja kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa karatasi ya gundi. Ng'ambo ya vioo hakukuwa na ua wa jirani. Kulikuwa na ukumbi wa kuchemshia sabuni, na watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanavaa aproni.

"Mama watoto," aliita, "hisa zimefika."

Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama.

"Mbona wametuletea chafu?"

"Limetoka kiwandani. Kiwandani kuna moshi."

"Wangelipangusa kwanza. Mtu haleti mali yake kwa watu hivi hivi." Akachukua kitambaa akalipangusa upande wa kwao. Mtu mmoja kule ukumbini aliinua macho, akaona kumekuwa na mwanga zaidi, akaendelea kufunga kamba za aproni.

Kiwanda hicho kilikuwa mali ya ndugu watatu kwa miaka thelathini na minane, wawili wanaume na mmoja mwanamke, waliokirithi kwa baba yao. Mwaka uliotangulia walitaka kujenga kiwanda cha pili, wakaona riba ya benki inauma kuliko jino, wakaamua kuuza robo ya kampuni kwa umma. Mambo hayo hayaendi kwa siku moja. Walikuja wakaguzi wakahesabu kila kitu mpaka mifagio. Wakaja mawakili wakaandika waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachomweleza mnunuzi kampuni ina nini, imepata nini, na inaweza kupatwa na nini. Mamlaka ya masoko ya mitaji ikausoma waraka, ikaurudisha mara mbili, ya tatu ikagonga muhuri. Mwisho akaja dalali wa hisa, kijana mwenye tai ya buluu, akakodi ukumbi wa shule na kuwaeleza wananchi.

"Kampuni ni kama mkate," dalali alisema. "Leo ndugu hawa wanaukata, kila mmoja wenu anaweza kupata kipande."

Fundi saa aliinua mkono. "Mkate ukikatwa, mtu anaondoka na kipande chake. Chetu tutakiona wapi?"

"Mzee, utakiona kwenye cheti," dalali alijibu, na ukumbi ukacheka. Hakuwa amedanganya. Alikuwa hajui tu.

Fundi saa aliusoma waraka wote, kurasa mia moja na kumi na mbili, kwa jioni nne, penseli mkononi. Alikuwa amesoma masomo ya jioni akiwa na miaka thelathini na mke na watoto wawili, na tangu hapo hakuwahi kutia sahihi kitu asichokisoma. Katika ukurasa wa themanini na saba alikuta sentensi hii: "Mitambo ya kampuni ipo katika hali inayolingana na umri wake." Aliipigia mstari, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Kisha akajaza fomu na kuomba hisa elfu moja, kwa sababu binti yake mkubwa alikuwa mpishi wa sabuni pale kwa mwaka wa kumi na moja, na aliona ni jambo zuri mzazi kuwa na sehemu yake mahali anapokula mwanawe. Watu wengi waliona hivyo hivyo. Maombi yalizidi hisa mara tatu, ikabidi zigawanywe. Fundi saa akapata mia tatu na kumi.

Wiki ile ya kwanza watu walitembeleana sana. Kila aliyekuwa na hisa alitaka kujua mwenzake kapata nini. Mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu alipata ngazi ya chuma, vipandio tisa, kutoka sakafu ya jikoni mpaka kwenye dari, na kila zamu ilipobadilika miguu ya wafanyakazi ilipanda na kushuka kati ya jiko na kabati. Baada ya siku tano aliwajua wote kwa viatu. Muuza dawa, aliyenunua hisa mia tu, alipata bomba linalovuja. Fundi bomba alikuja, akalitazama, akasema hawezi kulifunga mpaka wafunge kule. Mwenye duka la vitambaa alipata ubao wa mahudhurio, akawa anajua nani kachelewa kabla ya msimamizi, jambo lililompa furaha isiyo na kipimo. Mfuko wa pensheni, ulionunua nyingi kuliko wote, ulipata ukumbi mzima wa kufungashia kwenye ghorofa yake ya nne, na wahasibu wakalazimika kupita kati ya makasha kwenda chooni. Ndugu watatu wenyewe, waliobaki na robo tatu, walichukua majuma mawili kugundua kitu, maana nyumba zao zilikuwa kubwa.

Kanuni zake zilijulikana upesi. Kitu kilikuwa kule na huku kwa wakati mmoja. Mwalimu alipopaka ngazi yake rangi ya kijani, kiwandani nako ikawa ya kijani, na msimamizi akamwandikia barua ya shukrani. Ukiuza hisa zako, kipande kilihamia kwa mnunuzi usiku huo huo, na ukuta wako ukarudi kama ulivyokuwa. Mwenye kipande alikuwa na kipande chake tu. Fundi saa alikuwa na dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa limechomelewa kiwandani miaka mingi iliyopita ili lisifunguke.

Alihamishia meza yake ya kazi mbele yake. Kwanza ilikuwa ni kumtazama mwanawe tu. Alikuwa hajawahi kumwona kazini. Alimwona akionja sabuni kwa ncha ya ulimi, akitema pembeni, akitikisa kichwa, akiongeza chumvi, akionja tena. Aliona wanaume wawili wanene wakimsubiri aseme. Fundi saa alimwita mkewe aje aone.

"Tazama anavyowaamrisha."

"Hilo kalitoa kwangu," mkewe alisema.

Siku ya tatu alianza kutazama vitu vingine. Juu ya sehemu ya kuchemshia palikuwa na tangi la soda kali, ile inayoyeyusha mafuta na ngozi bila kubagua. Tangi lilisimama juu ya miguu minne ya chuma. Mguu wa nne ulikuwa umeliwa na kutu kutoka chini mpaka usawa wa goti, na pale ulipoishia paliwekwa jeki ya lori, nyekundu. Fundi saa aliweka lenzi yake jichoni, akaitazama jeki kwa muda. Halafu akachukua penseli ya nta, akachora mstari mwembamba kwenye kioo, usawa wa kichwa cha jeki, akarudi kwenye saa ya mteja. Baada ya siku kumi na moja kichwa cha jeki kilikuwa milimita moja chini ya mstari.

Jumapili binti alikuja kula nyumbani, kama alivyofanya kila Jumapili.

"Ile jeki ni ya nani?" baba yake aliuliza.

"Ya lori la zamani. Lori likafa, jeki ikabaki."

"Iko pale tangu lini?"

"Mimi nimeikuta."

"Inashuka."

"Inajulikana, baba. Fundi mitambo anaipampu kila mwisho wa mwezi. Akikumbuka."

"Na asipokumbuka?"

"Tunamkumbusha." Binti alijimegea tonge jingine. "Lakini usiulize kana kwamba hujui. Wewe unaiona kuliko mimi. Mimi huwa nimeipa mgongo."

Fundi saa alinawa mikono ingawa alikuwa hajamaliza kula. "Mwezi ujao kuna mkutano mkuu wa wanahisa. Mwanahisa ana haki ya kuuliza. Nimesoma. Nitasimama."

"Baba, ukisimama wewe, nitakayesimamishwa ni mimi."

"Sitakutaja."

"Nina pua yako. Hata usiponitaja, umenitaja."

"Mwache aseme," mama mtu aliingilia. "Pua haijawahi kuwa kosa la kazini."

Mkutano mkuu ulifanyika katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Kila mwanahisa alipewa mlangoni chupa ya maji na mche mmoja wa sabuni. Ndugu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, alisoma taarifa ya mwaka kwa sauti nzuri: mauzo yamepanda, msingi wa kiwanda cha pili umechimbwa, gawio la kwanza litalipwa. Watu walipiga makofi. Kisha akauliza kama kuna swali.

Fundi saa alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu.

"Mwenyekiti, mguu wa nne wa tangi la soda umekwisha. Umewekewa jeki ya lori. Tangu tugawiwe hisa, jeki imeshuka milimita nne na nusu. Naomba kujua mguu utawekwa lini."

"Mzee wetu ana ushahidi?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

"Nina dirisha."

Katibu alifungua daftari la wanahisa, akapitisha kidole. "Ni kweli, mwenyekiti. Ana dirisha."

Wakili wa kampuni aliomba nafasi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, asiyepoteza maneno. "Jambo hili halikufichwa. Naomba wanahisa watazame waraka, ukurasa wa themanini na saba."

"Naujua," alisema fundi saa. "Nilipigia mstari."

"Basi mzee ulijua."

"Niliweka alama ya kuuliza."

"Na kwa nini hukuuliza?"

Fundi saa alijifunga kifungo cha koti.

"Nauliza sasa," alisema.

Mwenyekiti akaeleza. Kubadilisha mguu kunahitaji kulimwaga tangi, na kulimwaga tangi ni kusimamisha kiwanda siku tisa. Siku tisa ni gawio lote la mwaka huu, na bei sokoni nayo haitapenda. Lakini kampuni sasa ni ya watu wengi, alisema, na watu wengi ndio waamue. Kama mzee anataka, jambo lipigiwe kura.

"Siku tisa?" muuza dawa alisimama. "Na bomba langu je, litatengenezwa humo humo?"

"Bomba halimo kwenye hoja," katibu alimjibu.

"Basi mimi simo." Akakaa.

"Mzee, uza tu!" mtu wa nyuma alipaza sauti. "Bei imepanda!"

"Au weka pazia," mwingine akadakia. "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini halazimishwi pia!"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mwalimu mstaafu aliinua mkono wa kukubali, na wengine ishirini na wawili wakamfuata, wengi wao wenye vipande vinavyoonyesha watu: ngazi, mlango, benchi la kubadilishia nguo. Mwenye duka la vitambaa aliinua nusu mkono, akautumia kujikuna shingo. Kisha wakainua waliokataa. Ndugu watatu waliinua mikono mitatu, na mikono hiyo ilikuwa na uzito wa robo tatu ya kampuni, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuhesabu mingine. Ndugu yule mwanamke aliinua wake akiwa anatazama sakafu. Lakini aliuinua.

Wakati wa kutoka, mwenyekiti alimshika fundi saa bega. "Swali zuri sana, mzee. Wanahisa kama wewe ndio tunawataka. Na binti yako namfahamu. Mna pua moja."

Binti hakusimamishwa. Jumatatu msimamizi alimwita akamwambia kwamba amehamishwa kutoka upande wa mlango kwenda upande wa mguu wa nne, karibu na jeki, palipo na mwanga. "Ili mzee akuone vizuri," alisema, na alimaanisha hivyo. Alikuwa na watoto yeye pia.

Fundi saa alimwona akihamia pale asubuhi ile, amebeba mti wake wa kukorogea. Aliweka chini saa aliyokuwa ameishika. Akachukua kibano chake kizuri, kile cha chuma cha kushikia sukurubu ndogo, akagonga kioo mara tatu. Mlio wa chuma juu ya kioo ni mwembamba, hupita katikati ya ngurumo ya mashine kama sindano kwenye blanketi. Binti aligeuka. Fundi saa alimwonyesha kwa mkono: rudi nyuma. Binti alirudi hatua mbili, akatazama jeki, akatazama dirisha, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akarudi mahali pake, maana sabuni haikorogwi kwa mbali.

Kuanzia hapo fundi saa alifanya kazi kwa jicho moja. La kulia lilikuwa la saa za wateja, la kushoto la jeki. Kiwanda kilikuwa na zamu mbili, na ile ya mchana hadi saa nne usiku haikuwa ya binti yake. Kwa siku mbili fundi saa aliifunga meza zamu ya asubuhi ilipoisha. Siku ya tatu mkewe alivuta kiti, akakaa mbele ya dirisha na mchele wake wa kuchambua.

"Hawa nao ni watoto wa watu," alisema. "Nipe hicho kibano."

"Unajua kukitumia?"

"Kugonga nako kuna darasa?"

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, jeki ilipoteleza. Fundi saa aliona kwanza mafuta yakitoka shingoni mwake, tone, halafu uzi. Aligonga kabla uzi haujafika chini. Kule ukumbini watu wanne waliacha walichoshika na kurudi nyuma, bintiye akiwa nyuma ya wote kwa sababu alisubiri wengine. Tangi liliinama upana wa vidole viwili. Soda ilifurika ukingoni, ikamwagika mahali alipokuwa amesimama, ikala rangi ya sakafu, ikala mti wa kukorogea, ikala ndala moja ambayo mtu aliiacha pale akikimbia. Haikumgusa mtu. Fundi mitambo alikuja, akaipampu jeki, akaweka ubao chini yake. Wakamwaga maji sakafuni. Saa tano kazi iliendelea.

Fundi saa alibaki amekishika kibano mpaka mkewe alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Jioni ile binti alipita nyumbani ingawa haikuwa Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakula.

"Mlio unafika vizuri?" baba yake aliuliza.

"Unafika."

"Acha kazi, mwanangu."

"Niende wapi? Na nikienda, pale atasimama nani? Ataletwa mwingine asiyekuwa na baba dirishani." Alikigusa kibano mezani. "Ila ukigonga, baba, gonga mara mbili tu. Ya tatu inachelewesha."

"Mara mbili," fundi saa alisema, akaiandika kwenye kijitabu chake.

Baada ya wiki tatu ilitoka taarifa ya nusu mwaka, karatasi nzuri ya kung'aa, kurasa kumi na sita. Fundi saa aliisoma yote kwa penseli. Katika ukurasa wa tisa, chini ya kichwa cha habari kuhusu usalama, ilisema: "Kampuni imeweka mfumo wa uangalizi wa kudumu katika ukumbi wa kuchemshia, unaofanya kazi katika zamu zote mbili, bila gharama yoyote kwa wanahisa." Aliisoma mara mbili kutafuta uongo, hakuupata. Aliipigia mstari. Safari hii hakuweka alama ya kuuliza, akamwandikia katibu barua ya kurasa mbili. Jibu lilikuja baada ya siku nne: hoja iliyokwisha kupigiwa kura hairudishwi kabla ya mkutano mkuu ujao.

Soko liliipenda taarifa. Bei ya hisa ilipanda siku tatu mfululizo, na mfuko wa pensheni ukatangaza kwamba unatafuta nyingine za kununua, hasa zenye mwanga, kwa kuwa wahasibu wake walikuwa wanalalamika juu ya giza.

Dalali mwenye tai ya buluu alipiga simu asubuhi ya siku ya nne.

"Mzee! Kipande chako kina mteja. Anatoa mara mbili na nusu ya ulichonunulia. Uza leo, kesho una ukuta wako."

"Huyo mteja ataliweka wapi dirisha?"

"Kwenye ghala lao la mafaili. Wanataka mwanga tu, mzee, hawana haja ya kutazama."

Kule ng'ambo ya kioo binti alikuwa ameinama, anaonja sabuni kwa ncha ya ulimi. Hakuwa tena anatazama juu, si kwenye jeki wala dirishani. Alikuwa amewaachia hilo wenye kazi yake.

"Mzee? Upo?"

"Nipo. Siwezi kuongea sasa," alisema fundi saa. "Niko kazini."

Akaweka simu chini kwa kupapasa, bila kuondoa jicho kwenye jeki, ambayo tangu alfajiri ilikuwa imeshuka nusu milimita.